Je, Wajua? Lengo Zuri Humjenga Mchezaji Kuliko Ndoto ya Kombe

Muulize kijana yeyote anayecheza mpira Moba Port au Kirungu anataka nini maishani. Atakujibu upesi: kufika klabu ya Mazembe, kuvaa jezi ya timu ya taifa, Léopards, kwenda Ulaya. Ni ndoto njema, asivunjwe moyo. Lakini ndoto hiyo haimwambii afanye nini Jumanne jioni akifika uwanjani. Kazi hiyo hufanywa na lengo. Soma dondoo hizi, kisha mpitishie na mwenzako wa timu.

Mambo ya msingi

Je, wajua kwamba malengo ya michezo yapo ya aina tatu? La kwanza ni lengo la matokeo: kuwafunga timu ya Kalemie, kutwaa kombe. La pili ni lengo la kiwango: kukimbia mita 1,500 chini ya dakika 5, kufunga penalti 8 kati ya 10. La tatu ni lengo la utekelezaji: kuinua kichwa kabla ya kupokea pasi, kurudi nyuma haraka timu inapopoteza mpira. Matokeo hutegemea pia mpinzani, refa na hali ya uwanja. Hayo mawili mengine yako mikononi mwako zaidi, na ndiyo yanayofaa kukushughulisha kila siku.

Je, wajua kwamba neno "jitahidi" ni agizo dhaifu? Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani Edwin Locke alichapisha nadharia yake kuhusu malengo, na baadaye akaiendeleza pamoja na Gary Latham. Majaribio mengi yalionyesha jambo lilelile: mtu aliyepewa lengo mahususi na gumu kiasi hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa afanye awezavyo. Sababu yake si ngumu kuiona. Aliyeambiwa ajitahidi hujipimia mwenyewe, na akichoka husema amejitahidi vya kutosha. Aliyeambiwa mizunguko 7 anajua kwamba ya 6 haitoshi.

Je, wajua kwamba ushahidi mmoja maarufu ulitoka kwa madereva wa malori? Huko Oklahoma, Marekani, madereva waliobeba magogo walikuwa wakipakia takriban asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa na sheria. Latham na mwenzake wakawapa lengo la asilimia 94. Hawakuongezewa malipo, ila mzigo ulipanda hadi kuzidi asilimia 90. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1975. Lori ni lilelile na dereva ni yuleyule; kilichoongezeka ni namba ya kulenga.

Je, wajua kwamba kulenga utekelezaji hupunguza wasiwasi? Mwaka 1997 watafiti Kieran Kingston na Lew Hardy walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wachezaji wa gofu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Waliofundishwa kulenga namna ya kucheza walipata nafuu mapema na wakamudu wasiwasi vizuri zaidi. Mpiga penalti anayewaza mahali pa kuweka mguu wa nguzo hana nafasi ya kuwaza watakaomzomea akikosa.

Kutoka Kongo yetu

Je, wajua kwamba Mazembe walitoka nafasi ya 6 hadi ya 2 duniani ndani ya mwaka mmoja? Katika Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2009 walipoteza mechi zote mbili, dhidi ya Pohang Steelers ya Korea Kusini na Auckland City ya New Zealand. Mwaka 2010 wakarudi, tena bila nyota wao Trésor Mputu aliyekuwa amefungiwa. Wakaifunga Pachuca ya Meksiko 1-0, kisha Internacional ya Brazili 2-0, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya mashindano hayo. Inter Milan iliwashinda 3-0 tarehe 18 Desemba, lakini kiwango chao kilikuwa kimekwisha kupanda. Kushindwa kwa mwaka uliotangulia kuliwaonyesha ni umbali gani uliobaki.

Je, wajua kwamba rekodi ya mabao mengi katika Kombe la Afrika moja ni ya Mkongo? Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 nchini Misri mwaka 1974. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya fainali hizo mbili aliyafunga yeye.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo unafundisha pia upande wa pili? Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Kule Ujerumani Magharibi ilifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazili, bila kupata bao hata moja. Wachezaji walikuwa na mgogoro mkubwa wa posho, na roho zao hazikuwa uwanjani. Vijana wasihukumiwe peke yao. Lengo la wachezaji huhitaji ahadi za viongozi zitimizwe, na kufika mahali hakutoshi kama hakuna lengo jipya la kufanya mkishafika.

Je, wajua kwamba golikipa aliipeleka Kongo robo fainali kwa mguu wake? Tarehe 28 Januari 2024, katika Kombe la Afrika nchini Côte d'Ivoire, Léopards na Misri walipigiana penalti hadi zamu ikawafikia magolikipa. Mmisri akagonga mwamba. Lionel Mpasi akafunga, ikawa 8-7. Kwa hiyo, kocha, ukipanga lengo la penalti, usiwaandike washambuliaji watano tu. Waandike wote 11.

Je, wajua kwamba Dikembe Mutombo alikwenda Marekani mwaka 1987 akitaka kuwa daktari? Chuo kikuu cha Georgetown kilimvuta kwenye mpira wa kikapu. Huko hakutafuta kuwa hodari wa kila kitu. Alishika kazi moja, kuzuia mipira ya wapinzani, akaizuia mara 3,289 katika NBA. Hakeem Olajuwon peke yake ndiye aliyemzidi. Alitangazwa mlinzi bora wa mwaka mara nne. Na lile lengo la utabibu hakulitupa: mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa ilifunguliwa, ikiwa na jina la mama yake, Biamba Marie. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024.

Majirani zetu wa mashariki

Je, wajua kwamba ng'ambo ya ziwa letu yuko bingwa wa dunia aliyepanda kwa miaka mingi? Alphonce Simbu wa Tanzania alimaliza wa 5 katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2017 akapata shaba ya dunia jijini London. Olimpiki ya Tokyo akawa wa 7, ya Paris akashuka hadi wa 17. Mwaka 2025 akawa wa 2 Boston, na tarehe 15 Septemba mwaka huo akatwaa dhahabu ya dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walitenganishwa na sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Angeacha baada ya Paris, Tanzania isingepata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Je, wajua kwamba Joshua Cheptegei aliwahi kuishiwa nguvu mbele ya watu wake? Mwaka 2017, katika mbio za nyika za dunia mjini Kampala, aliongoza kwa mbali. Mzunguko wa mwisho miguu ikakataa, akamaliza wa 30. Mwaka 2019 mbio hizo zilipofanyika Aarhus, Denmark, alishinda. Mwaka 2020 akavunja rekodi mbili za dunia: mita 5,000 kwa dakika 12:35.36 na mita 10,000 kwa dakika 26:11.00. Rekodi hizo zilikimbiwa kwa kasi iliyopangwa tangu mwanzo, na taa za pembeni mwa njia zilimwonyesha kila wakati yuko mbele au nyuma ya lengo lake.

Je, wajua kwamba Eliud Kipchoge aliingia marathoni baada ya mlango mwingine kufungwa? Mwaka 2012 hakupata nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki. Mwaka 2013 akabadili lengo, akashinda marathoni yake ya kwanza mjini Hamburg. Mwaka 2017 alijaribu kukimbia chini ya saa 2 huko Monza, Italia, akakosa kwa sekunde 26. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, akafaulu: saa 1:59:40. Jaribio lile halikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi kwa sababu ya msaada wa wakimbiaji wa kumwongoza, ila lengo lilitimia. Kwa kila kilomita alihitaji dakika 2 na sekunde 50. Lengo kubwa liligawanywa hadi likawa kazi ya kilomita moja, ikarudiwa mara 42. Naye kwa miaka mingi amekuwa akiandika mazoezi yake daftarini.

Je, wajua kwamba lengo lililokosekana linaweza kuzaa rekodi? Tarehe 26 Juni 2025 Faith Kipyegon alijaribu mjini Paris kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Alipata dakika 4 na sekunde 6 na kidogo. Hakufika, lakini hakuna mwanamke aliyewahi kukimbia umbali huo kwa kasi ile. Siku 9 baadaye, huko Eugene, Marekani, alivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500 kwa dakika 3:48.68. Wasichana wa Moba wanaoambiwa kuwa michezo si yao walijue jina hilo.

Je, wajua kwamba John Akii-Bua wa Uganda alijifanyia mazoezi yawe magumu kuliko mashindano? Alikimbia akiwa amevaa fulana yenye uzito, akaruka viunzi virefu kuliko vya mbio zake. Mwaka 1972 mjini Munich alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo wengi huiona mbaya kwa kona zake kali. Alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, binadamu wa kwanza kushuka chini ya 48.

Je, wajua kwamba Julius Yego wa Kenya alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa kwenye intaneti? Hakuwa na kocha wa mkuki wa kumfundisha. Alichagua jambo la kuiga, akalifanyia mazoezi, akarudi kutazama tena. Mwaka 2015 mjini Beijing alirusha mita 92.72, akawa bingwa wa dunia. Anayesema hana kocha, na aanze kwa kuchagua jambo moja la kujifunza.

Je, wajua kwamba bingwa hupanga pia lengo la siku mbaya? Katika Olimpiki ya Meksiko mwaka 1968, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka na kuumia goti. Medali ikawa haiwezekani tena. Akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma amalize. Kabla ya mechi, andika malengo mawili: la siku njema, na lile ambalo hutaliacha hata mambo yakiharibika.

Sayansi ya daftari

Je, wajua kwamba lengo bila kipimo halifiki mbali? Mwaka 1983 Albert Bandura na Daniel Cervone wa chuo kikuu cha Stanford waliwapa watu kazi ya kuchosha kwenye mashine ya mazoezi. Kundi moja lilipewa lengo, jingine lilielezwa matokeo tu, jingine likapewa vyote viwili, na la mwisho halikupewa chochote. Walioongeza juhudi zaidi ni wale wa lengo pamoja na matokeo. Kocha anayehesabu pasi zilizofika na kuwasomea vijana wake baada ya mechi anawasaidia kuliko anayepiga kelele dakika 90.

Je, wajua kwamba kuandika siku, saa na mahali kuna nguvu kubwa? Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002, wanafunzi walioandika lini na wapi watafanya mazoezi wiki inayofuata, asilimia 91 waliyafanya. Kati ya waliosoma tu faida za mazoezi, ni asilimia 35. Basi usiandike "nitakimbia zaidi". Andika "Jumatano saa 12 asubuhi, kutoka kanisani hadi sokoni na kurudi".

Je, wajua kwamba anayejifunza jambo jipya hafai kupewa lengo la idadi mapema? Mwaka 1989 Ruth Kanfer na Phillip Ackerman walionyesha kwamba lengo gumu la kiwango huweza kumvuruga mtu ambaye bado anajifunza kazi. Mtoto wa miaka 10 asidaiwe mabao. Adaiwe kugusa mpira kwa miguu yote miwili. Idadi itakuja akishaiva.

Je, wajua kwamba hadithi moja maarufu kuhusu malengo ni ya uongo? Husemwa kwamba mwaka 1953 asilimia 3 ya wahitimu wa chuo kikuu cha Yale waliandika malengo yao, na miaka 20 baadaye wakawa na mali kuliko wenzao wote. Waliotafuta utafiti huo waligundua kwamba haukufanyika. Kuandika lengo kunafaa, na ushahidi wa kweli upo wa kutosha. Msomaji anastahili kupewa huo.

Je, wajua kwamba mapumziko nayo ni sehemu ya mpango? Mwingereza Roger Bannister alijizoeza kukimbia robo maili mara 10, akishusha muda wa kila moja kutoka sekunde 66 hadi 61. Hapo akakwama. Akaenda kupanda milima Scotland kwa siku chache pasipo kukimbia. Aliporudi akazikimbia kwa sekunde 59. Tarehe 6 Mei 1954 akawa mtu wa kwanza kumaliza maili chini ya dakika 4: 3:59.4.

Hapa Moba, kwa ulichonacho

Je, wajua kwamba uwanja wa mpira ni kipimo tosha cha pumzi? Mwaka 1968 daktari Kenneth Cooper wa jeshi la anga la Marekani alieleza jaribio la kukimbia dakika 12 na kupima umbali. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346. Mizunguko 7 ni mita 2,422. Uwanja wenu kama ni mdogo, upimeni kwa kamba. Saa ya simu ndogo inatosha. Rudieni jaribio kila mwezi, kila mchezaji aandikiwe namba yake.

Je, wajua kwamba maswali matano yanatosha kulipima lengo? Mwaka 1981 George Doran, Mmarekani, alipendekeza kwa wakuu wa kazi kanuni ambayo makocha wengi wameichukua na kuirekebisha. Lengo linataja jambo gani hasa? Linapimwa kwa nini? Linafikika? Lina faida kwa mchezo wako? Litatimia lini? Mfano: "Kufikia mwisho wa Agosti nitafunga penalti 8 kati ya 10, nikipiga 10 kila baada ya mazoezi." Kipa naye aandike lake.

Je, wajua kwamba majira yetu yanapanga nusu ya ratiba? Kiangazi, kuanzia Mei hivi hadi Septemba, uwanja ni mkavu: ndio wakati wa kasi na mechi nyingi. Mvua zikianza, tope huharibu pasi za chini; hapo panga malengo ya nguvu za mwili, mipira ya vichwa, na kupanda njia ya Kirungu kwa kipimo. Goti likiuma, lengo la wiki hiyo ni kupona.

Je, wajua kwamba lengo la miaka mingi si jambo geni Moba? Stefano Kaoze, mwana wa nchi hii ya ziwani, alisoma kwa miaka mingi hadi akawekwa upadri mwaka 1917, Baudouinville, kama Moba ilivyoitwa wakati huo. Alikuwa padri wa kwanza Mkongo wa zama hizi. Aliyemwona akianza masomo asingeweza kuona mwisho wake. Na mchezaji wa miaka 14 apewe nafasi hiyohiyo ya kukua.

Je, wajua kwamba malengo mengi humchosha mtu? Mawili au matatu kwa mwezi yanatosha, na yawe ya mchezaji mwenyewe, aliyokubaliana na kocha wake. Beki na mshambuliaji wasipewe karatasi moja.

Basi, vijana wa Moba, na ninyi wazazi na makocha wao: daftari ni rahisi kuliko viatu vya mpira, na kalamu ni rahisi zaidi. Kabla ya mazoezi yajayo, kila mchezaji aandike lengo moja la matokeo, moja la kiwango na moja la utekelezaji, aweke tarehe, amsomee mwenzake. Mwezi ukiisha mlifungue daftari mlipime. Makombe hatuwezi kuwaahidi. Maendeleo yanayoonekana kwa namba, hayo yako ndani ya uwezo wenu, na yaanze wiki hii.